Wageni wa Matema katika wiki ya Sabasaba

Mwaka 2018 mama yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Matema, wilayani Kyela, akiwa na wajukuu watatu, watoto wa dada yangu, katika wiki ya mwisho ya likizo ya katikati ya mwaka. Basi lao liliingia kituo cha Ubungo Jumapili ya tarehe 1 Julai, yapata saa nne za usiku, na mzigo ulioshushwa ungetosha kufungulia genge: viroba vya mchele, mkungu wa ndizi, dumu la mawese, usipa waliokaushwa, na chungu cha Ikombe kilichoviringishwa khanga mbili, ambacho mama alikipakata njia nzima kwa sababu hakumwamini utingo. Watoto walitoa shikamoo zao kwa sauti za usingizi. Yule wa kati, mvulana wa darasa la tatu, aliongeza taarifa kwamba tembo wa Mikumi walikuwa upande wa kushoto wa basi na kwamba abiria wa kulia wamelipa nauli bure.

Wanangu wawili wamezaliwa na kukulia Kimara, na Kyela waliijua kwa jina tu, hasa jina lililoandikwa kwenye magunia ya mchele dukani. Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa amekwisha kuandaa ratiba ya wiki nzima kwa kalamu za rangi na kuibandika kwenye mlango wa friji, kwa nia njema kabisa ya kuwaonyesha ndugu zake wa kijijini mambo ambayo aliamini hawajapata kuyaona. Hakujua anashindana na nani. Kila alichokitaja, mpwa wangu alikuwa na jibu moja, lililotolewa bila kiburi, kama mtu anayesahihisha hesabu: hata kwetu yapo. Bahari? Kwao kuna ziwa, tena ukiingia hatua chache tu hukanyagi chini. Milima? Milima ya Livingstone inaanzia karibu na mlango wa kanisa lao. Samaki? Alicheka. Kufikia Jumatatu mchana wanangu walikuwa wameacha kumwita kwa jina lake na kumwita Matema, naye akaitika.

Jumatatu hiyo walipumzika, kama kulala mchana na kupiga kelele usiku kunaitwa kupumzika. Ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia la Urusi, na kwa kuwa saa za Moscow na za kwetu ni zilezile, mechi ya mwisho ya siku ilianza saa tatu usiku, muda ambao katika nyumba yenye nidhamu watoto huwa wamelala. Ubelgiji walicheza na Japani. Matema aliwashangilia Wajapani kwa sababu Noah zote zinazobeba abiria kutoka Kyela mjini hadi kwao zimetoka Japani, hoja ambayo sikuona namna ya kuipinga. Wajapani walipofunga la pili sebule ililipuka. Wabelgiji waliporudisha yote mawili na kufunga la tatu katika dakika za nyongeza, alinyamaza, akajifunika shuka hadi kichwani. Mama alitoka chumbani kuuliza nani amefariki.

Siku iliyofuata tulikwenda Kigamboni. Nilichukua ruhusa kazini, mke wangu hakuipata, kwa hiyo msafara ulikuwa wa mimi, mama na watoto watano. Anayedhani kutembeza watoto ni starehe hajawahi kupanda nao mwendokasi kutoka Kimara asubuhi, wakati abiria wanasukumana mlangoni na wewe huna mikono ya kutosha. Nilimshika mdogo, binti mkubwa wa dada yangu akamshika mwanangu wa kiume, mama akashika kila aliyekuwa karibu naye, hata mtoto mmoja wa watu, na hivyo tukafika Kivukoni tukiwa wazima.

Feri, kwenye soko la samaki, nilikusudia tupite haraka. Haikuwezekana. Mnada ulikuwa umepamba moto, wanamama wenye ndoo wamezunguka mafungu ya changu na vibua sakafuni, na dalali anataja bei kwa kasi ambayo hata mimi, baada ya miaka mingi ya kuishi mjini, huifuata kwa shida. Mpwa wangu alichuchumaa kwenye fungu lililokuwa pembeni, akainua kifuniko cha shavu la samaki kwa kidole gumba, akatazama matamvua, akaachia, akainua la pili. Kisha akamwambia bibi yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu ni wa leo na huyu ni wa jana. Mwenye samaki alimtazama, akanitazama mimi, akauliza kijana huyu ni wa wapi. Tuliondoka kabla bei haijashuka zaidi.

Kivuko kilimshangaza kwa namna ambayo sikuitegemea. Alikitazama kikijaza magari, mikokoteni, baiskeli na mamia ya watu, akasimama kwenye vyuma vya pembeni akiwa tayari kwa safari, na baada ya dakika chache tu mlango ukafunguliwa upande wa pili. Aliuliza kama kimeharibika. Mama, ambaye enzi zake alipanda MV Songea kutoka bandari ya Itungi hadi Mbamba Bay na kulala njiani, alisema kwa upole kwamba watu wa mjini wana haraka.

Tulifika ufukweni, mbele kidogo ya kituo cha kivuko, maji yakiwa bado karibu. Watoto wa Kyela waliingia moja kwa moja, kama waliozoea maji tangu kuzaliwa, na mara mmoja akatoka anatema. Kwamba bahari ina chumvi walikuwa wamesoma shuleni. Kwamba chumvi yenyewe ni ya kiasi kile hakuna mwalimu aliyewaambia. Matema aliuliza watu wa huku wanafulia nini. Binti yangu, ambaye alikuwa amesubiri tangu Jumapili apate swali la kujibu, alieleza kuhusu bomba na matangi, na kwa mara ya kwanza ratiba yake ilianza kufanya kazi.

Lakini kilichomgusa yule kijana kilitokea mchana, wakati tunakula. Alikuwa ameziacha ndala zake mahali ambapo maji yaliishia, ili, kwa maelezo yake, zisiibwe na watu wa nchi kavu. Alipozifuata alizikuta mbali na maji. Alitazama huku na huku, akarudi kwangu, akauliza nani amezisogeza. Nikamwambia hakuna aliyezisogeza, ni maji yamekupwa. Yamekwenda wapi? Swali lile liliwanyamazisha wanangu wote wawili, kwa kuwa wao wamekua wakiona maji yanajaa na kupwa bila kuuliza chochote. Binti yangu alitaja mwezi, alivyofundishwa darasani, lakini alipotakiwa kueleza mwezi unayavutaje maji mchana wakati haupo, akaanza kupekua mkoba wake kana kwamba jibu limo humo.

Mpwa wangu hakubishana naye. Alitafuta vijiti, akachomeka kimoja pale maji yalipoishia wakati ule, akakaa chini, akasubiri. Maji yaliporudi nyuma alichomeka cha pili, kisha cha tatu, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa hatua kadhaa. Mama aliacha kula akamtazama. Ziwa Nyasa hupanda mvua zikikolea na hushuka kiangazi, lakini hilo ni jambo la miezi, wala halimpiti mtu akiwa anakula mihogo.

Mvuvi mzee aliyekuwa akishona nyavu karibu yetu, ambaye watoto wote walimwamkia kabla ya kumsumbua, ndiye aliyelimaliza suala lile, na nilimshukuru kwa kuwa mimi ni mtu wa Matema pia na elimu yangu ya bahari ni ya kuokoteza. Aliwaeleza kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwamba kila siku huchelewa kidogo, karibu saa moja, kuliko jana yake. Kwamba mwezi ukiwa mpevu au mchanga huwa bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, na mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, yanatembea kivivu. Tungekuja wiki iliyopita, alisema, mwezi ulipokuwa mpevu, tungeona mchanga hadi kule, akaonyesha kwa sindano yake ya nyavu. Leo yalikuwa yanaelekea kuwa mafu. Matema alitazama vijiti vyake, akamuuliza: kwa hiyo Jumapili saa hizi, maji yatakuwa yamejaa? Mzee alihesabu kwa vidole, akasema yatakuwa yamejaa.

Usiku ule nilimkuta yeye na binti yangu mbele ya friji. Ratiba ya kalamu za rangi ilikuwa imefutwafutwa, na pembeni ya Jumapili, baada ya neno kanisa, palikuwa pameandikwa: bahari, kuhakiki.

Jumatano ilikuwa ya kufua na ya mama kuchukua jiko. Mke wangu aliporudi kazini alikuta mtungi wa gesi umesogezwa kando, mkaa unawaka uani, na usipa wa mawese wanachemka katika chungu cha Ikombe. Alisimama mlangoni kidogo, akavua viatu, akaomba kuonja. Alhamisi tulikwenda Makumbusho ya Taifa, ambako walionyeshwa habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, pamoja na magari ya Mwalimu Nyerere. Magari yalishinda. Ijumaa nilirudi kazini, na usiku Brazil ya binti yangu ikafungwa mabao mawili kwa moja na Wabelgiji walewale, hivyo nyumba ikawa na maombolezo ya pili.

Jumamosi ilikuwa Sabasaba yenyewe. Kwa wanangu siku hiyo maana yake ni aiskrimu na bembea katika viwanja vya maonyesho ya biashara, Barabara ya Kilwa. Kwa mama ni siku ya TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 yeye akiwa msichana, na alivaa khanga zake nzuri kwa sababu hiyo. Tulipanda daladala Ubungo, tukafuata Barabara ya Mandela hadi Tazara, ambako daraja la juu lilikuwa linakaribia kumalizika na foleni ikawapa watoto muda wa kutosha wa kulikagua. Ndani ya viwanja watu walikuwa wengi mno. Vipaza sauti vilikuwa vinatangaza watoto waliopotea, mmoja baada ya mwingine, na kila tangazo mama aliwahesabu wajukuu wake upya kwa kuwagusa vichwa.

Kwenye banda la maliasili palikuwa na foleni ndefu ya kuona wanyama. Matema alikataa kupanga: hawa, alisema, tuliwaona Mikumi, tena wamesimama wenyewe. Nilikubaliana naye, hasa kwa ajili ya miguu ya mama.

Tulikuwa tunatafuta kivuli tulipokutana na meza ya mchele. Kijana muuzaji alikuwa amepanga mifuko ya kilo tano vizuri sana, na juu yake kibao: Mchele halisi wa Kyela. Mama alisimama. Alichota punje chache kwenye sinia la maonyesho, akazisugua kiganjani, akanusa, akampa mjukuu wake, naye akatia mbili mdomoni na kuzitafuna taratibu.

“Mwanangu, mchele huu unatoka wapi?” mama aliuliza.

“Kyela, mama. Unanukia wenyewe, huhitaji hata nazi.”

“Kyela ipi? Ipinda, Ngonga, au Kajunjumele?”

Kijana alimtazama mama, akamtazama mtoto anayetafuna, akatabasamu tabasamu la mtu aliyekamatika. “Mama, nisikudanganye. Mimi naufuata Tandale, sokoni hapahapa Dar.”

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha yule kijana. Hakumgombeza, alimweleza namna mchele wa kwao unavyovunjika ukitafunwa mbichi na harufu yake inavyobaki kiganjani hata baada ya kunawa, na yule kijana alisikiliza kwa adabu, akatupa maji ya kunywa, kisha akampunguzia bei mteja aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kusikia yote. Binti yangu hakusema neno. Njiani kurudi aliniuliza kama kwetu, alivyosema yeye, kila mtu anaujua mchele kwa kuutafuna.

Jumapili baada ya ibada mama alitaka watu wafunge mizigo, kwa kuwa basi lilikuwa la alfajiri. Watoto walimwonyesha friji. Tulikwenda Coco Beach na nguo za kanisani, tukafika kama saa saba mchana, na maji yalikuwa yamejaa, yanapiga karibu kabisa na mahali watu wanapokaanga mihogo. Hapakuwa na nafasi ya kuchomeka hata kijiti. Mpwa wangu alitazama kwa muda mrefu, akamgeukia binti yangu na kumwambia kwamba hili, kwetu halipo. Akaongeza upesi kwamba atamuuliza mwalimu, pengine lipo usiku.

Asubuhi yake Ubungo, wakati mama anabishana na utingo kuhusu mabeseni mapya aliyonunua Sabasaba, binti yangu alikuwa dirishani kwenye banda la tiketi akiulizia nauli ya Kyela kwa mwanafunzi. Alirudi na jibu limeandikwa kwenye kiganja. Mke wangu alilisoma, akazidisha kwa wanne, akaniuliza likizo yangu ya mwaka ujao naichukua mwezi gani. Nikamwambia Juni, na Juni 2019 tulikwenda.