Madishi mawili kwenda Jibondo

Mzigo wa Jibondo, kisiwa kidogo jirani na Mafia, ni madishi mawili na redio za kuvusha intaneti juu ya bahari. Hukaguliwa Dar es Salaam, maana nati ikikosekana kisiwani ni kungoja kivuko kingine. Tulishuka kusini kwa basi hadi Nyamisati, kivuko kikapita kando ya mikoko ya Rufiji mpaka Kilindoni, kisiwani Mafia, kisha lami hadi Utende. Kutoka hapo Jibondo iko mbele yako, kama kilomita 10 za maji matupu.

Maji matupu ndiyo yanayodanganya. Mawimbi ya redio ya gigahezi 5.8 hayatosheki na madishi kuonana tu. Katikati ya njia hii yanataka karibu mita 7 za uwazi juu ya bahari, na mita moja na nusu zaidi kwa sababu ya mviringo wa dunia. Nguzo za mita 12 zinatosha, mradi zihesabiwe kutoka maji ya bamvua, bahari inapojaa zaidi. Tulifika wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo, wavuvi wakatuonyesha alama ya chumvi kwenye mwamba, juu sana kuliko pale tulipodhani.

Halafu bahari huakisi. Sehemu ya mawimbi ya redio hugonga maji na kufika kwenye dishi la pili ikiwa imechelewa kidogo. Maji yakijaa na kupwa, uchelewaji hubadilika, na kuna saa mawimbi hayo mawili huuana. Asubuhi intaneti inakimbia, adhuhuri imekufa, fundi anabadilisha redio nzima bure! Sogeza dishi moja nyuma ya ufuko, ukingo wa mwamba uzibe mwale unaotoka majini bila kugusa ule wa moja kwa moja. Kisha pima saa 13 mfululizo, bamvua ikiwepo.

Jibondo ni matumbawe, fimbo ya erthi, ya kupeleka umeme wa radi ardhini, haiingii. Tulilaza utepe wa shaba kwenye mfereji hadi mchanga wenye unyevu. Nati ziwe za chuma cha pua, na waya ufanye kitanzi chini ya redio ili maji yadondokee hapo.

Redio na kifaa cha Wi-Fi hula wati 20, yaani wati-saa 480 kwa siku. Paneli ya wati 200 inamudu jua la kawaida. Masika hudai betri mbili za volti 12, ampea-saa (Ah) 100 kila moja, zisishushwe chini ya nusu.

Vifaa hununuliwa mara moja, intaneti ya jumla hulipiwa kila mwezi. Kwa hiyo vocha za kuuzia watu intaneti ziwe ndogo, zahanati na shule zitangulie, na masasisho ya simu yafungwe mpaka usiku.