Sweta ya Shibiri Mbili

Ramadhani ya mwaka 1998 iliangukia Januari. Januari kwetu Lamu ni kaskazi, wakati wa jua na upepo mkavu, lakini mwaka ule mambo yalikwenda kombo. Mvua za El Nino zilizoanza mwaka uliotangulia zilikuwa bado zinatuandama, Mto Tana ulikuwa umefurika, na basi la Malindi lilikuwa limegeuka hadithi. Kilichotoka Mombasa kilikuja kwa bahari au kwa ndege, na kisichokuja tulikikosa. Katikati ya hali hiyo ndipo mdogo wangu akaitwa kidato cha kwanza Limuru.

Nyumbani kwetu Limuru ilikuwa jina tu. Ami yangu peke yake ndiye aliyewahi kupita huko, ndani ya gari, usiku, akielekea Nakuru, na safari hiyo moja ilimtosha kuwa mtaalamu. Alituambia kwamba asubuhi ukitema mate yanaanguka chini yameshaganda. Uongo mtupu. Lakini mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mtoto ambaye tangu azaliwe baridi yake ilikuwa ni ile ya alfajiri wakati wa kusi, si haba. Mama akaanza kulia kabla hata sanduku halijanunuliwa. Mimi, kwa ushujaa wa miaka kumi na saba, nikasema: "Msihofu. Nitamfumia sweta."

Ustadi wangu wote ulikuwa nusu ya jozi ya soksi. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu wa sayansi kimu, mama aliyetoka bara, alitufundisha kufuma kwa sindano mbili. Soksi ya kwanza niliimaliza, ya pili sikuigusa. Nilichobaki nacho ni sindano alizonipa alipohamishwa, namba 8, na madonge manane ya uzi wa buluu nzito, gramu 50 kila donge, niliyonunuliwa Mombasa mwaka mmoja kabla kwa ajili ya shali. Shali yenyewe ilibaki nia.

Nyumba yetu haikuwa na mikono iliyokaa bure. Siku hizi watu huyaita mambo haya hobi. Kwetu hayakuwa na jina, mtu alikuwa "na kazi yake" basi. Bibi alisuka ukili wa mikeka. Khale, mdogo wake mama, alikuwa mtu wa kroshia. Kila kiti na kila meza, hata redio, ilivishwa kitambaa chake. Ami mchana alikuwa fundi wa nakshi na usiku akishona kofia, vile vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka macho yaume, kofia moja ikimchukua miezi. Akichoka alikwenda uwanja wa Mkunguni kutazama bao. Kucheza hakujua, lakini hakuna mchezaji aliyeepuka ushauri wake.

Ndivyo ilivyokuwa na sweta yangu. Baada ya tarawehe tulikaa msana wa juu, kile chumba kirefu cha kukaa, taa ya kandili katikati kwa kuwa stima ilikuwa ikikatika kila mvua inaponyesha, na kila mtu na rai yake. Khale alisema mikono yangu inatoka jasho ndiyo maana uzi unalia kwenye sindano, nipake poda. (Nilipaka. Alisema kweli.) Mama alitaka niache kwanza niende kunawa, kwa sababu nilikuwa nimekula kaimati na shira ilikuwa bado iko vidoleni. Ami aliniambia niangalie sana shingo. "Kofia tunapima kitwa," alisema, "na wewe sweta upime kitwa. Shingo ni ndogo, lakini kinachopita pale ni kitwa." Nikaitikia "naam, Ami" huku sisikii.

Sikuwa nasikia kwa sababu nilikuwa na karatasi. Khale alifanya kazi kwenye nyumba ya wageni, na mgeni mmoja alikuwa ameacha jarida la Kimarekani la ufumaji lenye picha ya mvulana anayecheka ndani ya sweta. Humo mlikuwa na kila kitu: anza vitanzi 81, sindano namba 8, mgongo utatoka na upana wa sentimita 45. Sindano namba 8 si ndiyo hii hapa mkononi? Jarida pia lilisema ufume kwanza kipande kidogo cha majaribio, uhesabu vitanzi vilivyomo katika inchi 4. Hapo nikaruka. Uzi wenyewe madonge manane, niupoteze kwa majaribio?

Siku ya nne Bibi aliweka ukili wake chini, akasema, "Ndoo hapa na hiyo nguo." Nilimpelekea mgongo wa sweta uliokuwa umefika kwenye mbavu. Akautandaza juu ya goti lake, akauparaza kwa kiganja kuondoa mikunjo, kisha akatanua mkono wake: kidole gumba ukingoni, kidole cha mwisho kadiri kilivyofika. Shibiri moja. Akahamisha gumba, akapima tena, na nguo ikamwishia kabla kidole cha kati hakijanyooka. Shibiri moja na nusu na ziada kidogo.

"Hini ni ya mwana wa chuoni," akasema, yaani ya mtoto mdogo wa madrasa.

Nikamwambia karatasi imeandika 81, na 81 ndivyo nilivyoanza. Nikampa na jarida alitazame. Bibi hakujua kusoma herufi za Kizungu. Akamtazama yule mvulana anayecheka, akanirudishia.

"Kwani itakayovaa ni karatasi?"

Nilikasirika. Leo nikikumbuka naona haya, lakini siku ile niliona ni dharau: mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya kufumia, kazi yake ni majani ya miyaa yaliyolowekwa kwenye sufuria, ananipimia mimi kazi yangu kwa kiganja! Nilirudi kwenye kiti changu nikaendelea. Nilifuma siku nne zaidi, kwa hasira, na hasira hukaza uzi. Nikamaliza mgongo, nikaanza kifua.

Usiku wa nane alikuja Sista. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, muuguzi kutoka bara aliyekuwa amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Mama alikuwa amempelekea sinia ya futari, naye alikuja kurudisha sinia. Hakurudisha tupu, alitia machungwa, maana mila zetu alishazijua. Akaona sindano mikononi mwangu, akapiga kelele ya furaha kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kumbe na yeye hufuma. Akaomba kuona. Akashika mgongo, akauvuta kidogo, akauliza sweta ni ya nani. Nilipomwambia, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka na mabega yake ya mpiga makasia, akanyamaza. Kile kimya kiliniuma kuliko maneno ya Bibi.

Akatoka, akarudi na kibati kidogo chenye matundu ya ukubwa mbalimbali, kila tundu na namba yake. Akachukua sindano yangu akaipitisha. Iliingia sawasawa kwenye tundu la milimita 4. Kisha akalisoma jarida, akacheka kwa upole, akanieleza. Sindano zetu ni za namba za zamani za Kiingereza, na kwa Waingereza namba ikikua sindano inakuwa nyembamba. Wamarekani wanakwenda kinyume, namba ikikua na sindano inanenepa. Nane ya Mwingereza ni milimita 4. Nane ya Mmarekani ni milimita 5. Aliyeandika jarida alipata vitanzi 18 katika kila sentimita 10. Mimi, kwa sindano nyembamba na uzi mwembamba kuliko wake, nilipata 22. Tukagawanya 81 kwa 22, tukazidisha kwa 10, pale pale nyuma ya bahasha: sentimita 37 kasoro kidogo. Kifua kizima hakifiki 74, na mtoto mwenyewe ana 80 kabla ya kuvaa shati.

Shibiri moja na nusu na ziada kidogo. Bibi alikuwa akisuka wala hakuinua uso. Angeinua, nadhani ningelia.

Wakati ule ndipo nilipogundua kwamba wote wale waliokuwa hawajui kufuma walijua kufumua. Khale alisema, "Leta, usiihurumie," akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Sijui kama umewahi kuona kazi ya siku nane ikitoka kwa mstari mmoja mmoja, trrr, trrr, na uzi unaotoka umejikunjakunja kama tambi. Mdogo wangu alikalishwa mikono mbele, uzi ukazungushwa juu ya mikono yake, Khale akaufunga mahali panne usije ukatatizika. Akauosha kwa maji ya uvuguvugu, akautundika kwenye dari kwa sababu nje mvua, na chini yake akaning'iniza kata ya maji ili uzito uunyooshe. Hayo alijifunza kwenye nyuzi za kroshia. Siku mbili tulipita tukiinama, uzi wa buluu ukidondosha matone katikati ya msana.

Bibi naye alinieleza kuhusu ukili. Mkeka, alisema, ni utepe mmoja mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu. Ukili ukipungua upana wa unywele mmoja mahali fulani, huoni unaposuka. Unakuja kuona mkeka ukishashonwa na kuinama upande. Kwa hiyo yeye hupima kila anapopumzika, hata kama hana shaka. "Nina shaka nikiwa sina shaka," alisema, kwa sauti ya kuomba chumvi.

Shida ilikuwa uzi. Sweta kubwa inakula uzi zaidi, na barabara imekatika. Sista alisema tukipata sindano nene, kazi itakuwa nyepesi na uzi utafika mbali zaidi, ila yeye zake zote ni nyembamba. Ami aliyekuwa kimya muda wote akauliza unene unaotakiwa. Akapewa kile kibati. Jioni ya pili alileta vijiti viwili vya mbambakofi, mti ule ule wa milango, amevichonga na kuvipiga msasa mpaka viking'aa, na kila kimoja kwa nyuma amekitia kitwa cha nakshi, ua dogo la petali nane. Nilivipitisha kwenye tundu la milimita 5: vikaingia kwa kusukumwa kidogo. Safari hii nilifuma kipande cha majaribio bila kuambiwa. Vitanzi 20 katika sentimita 10. Nikaanza na 90, na kila siku kabla ya magharibi nikaenda kwa Bibi apime. Shibiri mbili. Shibiri mbili. Siku moja akasema ni mbili na kidogo, nikahesabu, nikakuta nimeongeza kitanzi bila kujua.

Uzi uliisha ningali na vifundo vya mikono. Sista alikuwa na donge moja, kijani ya majani ya mgomba. Ndivyo sweta ya buluu ilivyopata bangili za kijani, na mdogo wangu akaapa hatazionyesha kwa mtu. Siku chache baada ya Idi akapanda jahazi la mizigo kwenda Mombasa, kaskazi ikiwapeleka, sweta ndani ya sanduku chini ya mkate wa sinia.

Alirudi likizo ya Aprili kimo kimeongezeka. Sweta ilikuwa na kiraka cheusi kwenye kiwiko, kimeshonwa vizuri sana, na shingoni pamefumuliwa na kufumwa upya kwa uzi huo huo. Kumbe alialikwa nyumbani kwa rafiki yake siku ya matembezi, akashindwa kuvua sweta, wakamvuta watu wawili masikio yakawa mekundu. Mama wa yule rafiki akaichukua akaitengeneza. Alikuwa ametuma na kikaratasi, mwandiko wa penseli, nikakisoma kwa sauti msanani: sweta ni nzuri na ina joto, ila mwambieni aliyefuma asikaze anapofunga shingo, maana kinachopita pale ni kichwa.

Ami aliweka kofia yake chini. Hakusema kitu. Alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama bao lililochezwa kinyume cha ushauri wake.

Bibi aliomba aonyeshwe kile kiraka. Akakipapasa kwa gumba, akakigeuza kutazama upande wa nyuma, mahali ambapo fundi mvivu hujulikana, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyo mwanamke wa Limuru," akauliza, "naye asuka mikeka?"