Vipande vitatu visivyokutana

Jana usiku nimemaliza albamu yangu. Miezi minane, jamani! Ukiisikiliza utasikia kama ukungu: sauti ndefu za sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) zinakuja na kuondoka, hakuna ngoma wala mwimbaji. Ila chini yake kuna hesabu. Yote imesimama juu ya vipande vitatu vinavyojirudia: kimoja sekunde 17, kingine 19, cha mwisho 23. Vikianza pamoja, havianzi tena pamoja mpaka zipite sekunde 7,429, yaani zaidi ya saa mbili. Albamu ni dakika 48, kwa hiyo hakuna mahali panapojirudia sawasawa, na noti nilizopiga ni kumi na moja tu. Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alishafanya hivi kwa kanda za sumaku mwaka 1978, kwenye albamu yake Music for Airports.

Kile cha sekunde 19 nilikirekodi dirisha likiwa wazi, mvua ikaingia. Nilikaribia kuifuta. Halafu nikaisikia ikirudi, kila mara chini ya noti nyingine, mara ya huzuni, mara kama inapambazuka. Nikavua hedifoni, nikalia. Nimeiacha humo humo.