Ile "sawa mwanangu" ya shangazi

Leo Ijumaa, na tangu Jumapili nina maneno mawili yamenikaa kichwani hayatoki. "Sawa mwanangu." Basi, hayo tu. Na wiki yenyewe ilikuwa na mambo, posa ya Mwanaidi imejibiwa, baba karudi Muheza na meno mapya, umeme umekatika mara tatu, lakini mie bado niko barazani kwa shangazi Ngamiani.

Shangazi mnamjua, yule wa cherehani. Nilifuata dera langu, akaniuliza hicho unachosoma kitaisha lini, na mie nilikuwa nimetoka kutuma andiko la utafiti juzi yake, kiherehere kimenijaa, nikaanza kumwaga. Sasa ule mkasi wake mkubwa kaufunga kwa ukanda wa bitana kwenye mguu wa cherehani, wateja wasiondoke nao, kwa hiyo ukitaka kukata unapeleka kitambaa mkasini, mkasi haukufuati. Nikamwambia shangazi, kidudu cha malaria nacho kina mkasi wa hivi hivi. Kimeng'enya, kinaitwa plasmepsini ya tano, mkia wake umezamishwa kwenye utando humo humo ndani ya kidudu, hakiendi popote, protini ndiyo zinapita pale kukatwa ncha. Zikishakatwa ndiyo zinaruhusiwa kutoka nje ya kidudu, zikaigeuze ile chembe nyekundu ya damu ambamo kidudu kimeingia mpaka inaanza kunata kwenye kuta za mishipa. Mamia ya protini zinangoja mkasi mmoja! Uzuie huo, kidudu kinakufa kingali kichanga.

Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kimto.

"Na sie hatuna mikasi ya hivyo?"

"Tunayo shangazi, ila si huo."

"Sasa hiyo dawa itajuaje upi wa mdudu na upi wangu?"

Nikamjibu, na hapa ndipo ninapopatwa na haya hata nikiandika, "Aah shangazi, hayo ni ya kitaalamu kidogo." Na kakicheko juu.

"Sawa mwanangu." Akachukua pini moja akairudisha mdomoni, akakanyaga cherehani.

Kwenye bajaji njia nzima najitetea, mbona kasema kawaida tu, mbona hata dera kanipunguzia bei. Lakini "sawa" za shangazi zina aina zake. Kuna ya mtoto aliyesema kashiba, na kuna ya mteja anayesema atalipa mwisho wa mwezi. Ile ilikuwa ya mteja.

Jumatano msimamizi karudisha andiko. Ukurasa wa nne, wino mwekundu: vipi vimeng'enya vya binadamu vya jamii hii, mbona hujagusa? Nilitazama ule wino mpaka chai ikapoa. Maana nimeandika kila kitu mie, zile timu mbili za 2010 zilizoonyesha kuwa mkasi ni huu, nikaandika wale ndugu zake wa kwenye tumbo la kidudu ambao watu waliwawekea matumaini zamani halafu ikaonekana ukimwondoa mmoja wenzake wanamfunika, kidudu kinaendelea kuishi, kurasa mbili nzima. La shangazi nimeliwekea mstari mmoja. Mstari mmoja jamani.

Halafu usiku ndiyo ikanijia, na sijui kwa nini ilichelewa hivyo. Kikohozi! Mwaka jana shangazi alikohoa miezi mitatu, kikavu, mama akamnywesha tangawizi na asali mpaka akachoka, kumbe ni enalaprili, dawa yake ya presha. Nani alimsindikiza kliniki akabadilishiwa losatani? Mie. Na enalaprili inazuia nini? Mkasi mwingine uliofungwa utandoni, huu wa kwetu, umejaa kwenye mishipa ya mapafu, unakata kitu kinachokuja kubana mishipa, presha ikapanda, ila wakati huo huo unakata na bradikinini, kemikali nyingine ya mwilini, inayolegeza mishipa. Uzuie, presha inashuka, na bradikinini inarundikana, watu wengine ndiyo wanakohoa hivyo. Mkasi mmoja kazi mbili. Shangazi aliuliza na kifua chake, mie nikamwambia ni ya kitaalamu.

Na wala haijaishia hapo, maana kwa binadamu, mmoja wa jamaa za mkasi wangu wa malaria ni renini, ambayo ndiyo inakata wa kwanza kwenye safari hiyo hiyo ya presha. Nilicheka peke yangu kitandani, Mwanaidi akanirushia mto.

Nimekesha siku mbili naandika upya hiyo sehemu, na nimeifurahia kuliko kurasa zote, sijui niseme nini. Renini, jamaa yake kathepsini D, kila mmoja nimemweka na dawa itakavyomkwepa. Kesho naenda Ngamiani. Sijapanga maneno, nitabeba mkate wa kumimina nianze na huo, na dera nalo mkono mmoja umebana.