Kitabu cha mtoto wa darasa la sita

Wazazi wenzangu, mtoto wa umri huu mwacheni achague mwenyewe. Tukiwa dukani namwambia binti yangu afungue ukurasa wa katikati, asome kwa sauti. Akikwama kila mstari, tunakirudisha kwenye rafu. Akifunua ukurasa unaofuata bila kuambiwa, hicho tunalipia. Jalada zuri kwangu si hoja.

Sasa kang'ang'ania Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Lugha yake nzito kidogo, lakini ndugu waliogeuzwa manyani wanachapwa kila usiku, nani ataweka chini? Jana kanifuata jikoni: "Mama, kwa nini Adili anawapiga na anawapenda?" Tukajadili mpaka wali ukaiva.

Wenye watoto wa darasa la tano hadi kidato cha kwanza, wenu wamenaswa na vitabu gani? Likizo inakaribia.