Televisheni na benki ndani ya wimbi moja

Mwanzoni mwa 2013 Dar es Salaam ilikuwa imeshazima mitambo ya televisheni ya analojia, tangu usiku wa 31 Desemba 2012, na mikoa ilikuwa ikifuata kwa zamu. Mteja wetu alitaka matangazo yake ya dijitali yafike Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza kwa faiba, nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga. Mwenzangu mmoja, kijana machachari, akaja na mchoro wa wimbi zima la mwanga, yaani rangi moja ya mwanga ndani ya faiba, gigabiti 10 kwa sekunde, kwa ajili ya televisheni peke yake.

Mzee wetu wa transmisheni akatua kikombe cha chai juu ya mchoro.

"Mzigo wenyewe una ukubwa gani?"

"Megabiti thelathini na kitu, mzee."

"Ndiyo ukodi basi zima la Mwanza, umpakie abiria mmoja?"

Mwanga si ghali. Faiba moja hubeba mawimbi 40, hata 80, bila kuingiliana. Kinachokula hela ni kadi za kubadili umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, na kila kituo unapolifungua wimbi kuwa umeme, ili utoe au uingize data, zinatakiwa mbili.

Kijana akajaribu tena: basi tupande wimbi ambalo tayari linabeba benki na simu, tuweke kigawanya mwanga kila kituo. Hapo mzee akachangamka. Kuugawa mwanga kunapunguza nguvu, lakini hilo lina dawa, vikuza mwanga vipo. Tabu ni kwamba mwanga hauchagui: ukinakili televisheni, umenakili na benki. Data ya tawi la Dodoma ingefika Mwanza, ikikalia nafasi bure. (Benki wangelisikia hilo, sijui tungejificha wapi.)

Akachukua maka peni. Wimbi la gigabiti 10 lina nafasi 64 za megabiti 155. Kila mji ukipewa laini yake kutoka Dar, ni tano hadi Morogoro, nne hadi Dodoma, kisha tatu, mbili, moja: nafasi 15 njia nzima. Akafuta. Wimbi la benki lilikuwa likifunguliwa kila kituo hata hivyo, kwa hiyo tenga nafasi moja tu humo. Mtambo wa kila kituo ushushe nakala na kuisukuma mbele nyingine. Nafasi tano, moja kwa kila kipande cha njia, na kadi mpya ya wimbi hata moja hatununui.

Tulipowasha, picha ilikwama Shinyanga tu, mpaka fundi wa huko aliposafisha ncha ya faiba iliyoshika vumbi.

"Mzee," kijana akasema, "faiba ikikatwa kabla ya Morogoro, miji yote mitano gizani."

Mzee akamrushia maka peni. "Haya, nichoree ya akiba, ipite Arusha iingilie Singida."