Usiku Nilipovuka Mto Thames kwa Miguu

Miezi yangu ya kwanza London nilikuwa nasafisha ofisi katika minara ya Canary Wharf, na kila usiku nilirudi kulala ng'ambo ya pili ya mto, upande wa Greenwich, kwa zile treni ndogo zisizo na dereva. Karibu na kituo nilichokuwa nikishukia kuna kijumba cha duara cha matofali mekundu, chenye kuba ya vioo, kando ya ile meli ya zamani, Cutty Sark. Nilikipita asubuhi na jioni. Nilikichukulia kuwa sehemu ya makumbusho ya meli, na sikuwahi kuuliza.

Usiku mmoja wa Januari treni zilisimama. Tulitoka kazini tukakuta kituo kimefungwa, basi mbadala halionekani, na baridi ile inayouma mpaka kwenye meno. Wenzangu wakaanza kupigiana simu kutafuta wa kuchanga naye teksi. Mimi nilikuwa na pauni chache zilizotakiwa kunifikisha Ijumaa.

Katika zamu yetu kulikuwa na mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, ambaye tulikuwa tukisemezana Kiswahili, changu cha Mombasa na chake cha kwao. Akafunga kola ya koti, akaniambia, "Mudogo yangu, tuende. Iko njia."

"Mzee, na mto?"

"Tutauvuka na miguu."

Nikamfuata. Sikuwa na njia nyingine, na mtu mzima akikuambia kitu kwa utulivu ule humbishii.

Tulikwenda kusini, ndani ya kile kipande cha ardhi kinachozungukwa na mto pande tatu, ambacho Waingereza wanakiita Isle of Dogs. Ukishaacha minara ya mabenki nyuma, unaanza kuona ilikuwaje zamani. Maji bado yamo katika magati ya West India na Millwall, na kando yake wameacha winchi chache za zamani zikiwa zimesimama, zimeinamisha shingo juu ya maji ambayo hayana meli ya kupakua. Magati hayo yalifungwa 1980. Mimi ni mtoto wa kuli wa Kilindini, bandari ya Mombasa. Winchi naijua hata gizani. Nilisimama mbele ya moja, yule mzee akanihimiza kwamba tutaganda.

Njia ilituishia katika bustani ndogo kando ya mto, Island Gardens. Ng'ambo niliona taa za Greenwich, karibu kabisa, na yale majengo makubwa meupe ya zamani ya jeshi la majini. Na hapo kwenye bustani, kijumba kilekile: duara, matofali mekundu, kuba ya vioo. Ndipo nikaelewa kwamba viko viwili, kimoja kila ukingo, na kwamba ni milango.

Tulishuka kwa ngazi za chuma zinazojizungusha ukutani. Upande huo ni ngazi 87, na upande wa Greenwich ni 100. Chini kabisa likafunguka handaki, na sitasahau nilivyolitazama. Ni bomba refu la chuma lililopandwa ndani vigae vyeupe vya kung'aa, inasemekana laki mbili, taa zimejipanga katikati ya dari, sakafu ya mawe. Linateremka taratibu kuelekea katikati ya mto na kupanda tena ng'ambo, kwa hiyo ukisimama mwanzoni huoni mwisho. Unaona sakafu inazama tu na dari inaifuata. Urefu wake ni mita 370. Kina chake ni kama mita 15.

Hatua za mwanzo zilinibana. Kile kipande cha kaskazini ni chembamba kuliko kwingine, na ukuta wake hauna vigae, ni chuma kitupu chenye vichwa vikubwa vya bolti. Yule mzee akaugonga kwa ufunguo wake, sauti ikakimbia mbele yetu. Akanieleza kwamba bomu la Wajerumani lilipasua hapo 1940, wakalitibu handaki kwa kuliingizia ganda jingine la chuma kwa ndani, na likaachwa hivyo hadi leo. Nikaushika ukuta kwa kiganja. Ulikuwa baridi na una jasho. Tulipotoka kwenye kile kipande, vigae vikarudi, na juu yake matone ya maji yalikuwa yakiteremka mojamoja, yakipita kwenye nyufa za vigae kama yanayojua yanakokwenda. Nilitega sikio nisikie boti zinazopita juu. Hakuna. Kulikuwa na nyayo zetu tu, na mbali mbele mtu anayekohoa, ambaye tulimsikia muda mrefu kabla ya kumwona. Alikuwa mama wa makamo na mfuko wa sokoni. Akatuamkia, akapita.

"Huwa kunafungwa saa ngapi?" nikauliza.

"Hakufungwi. Ni barabara hii, kama barabara ingine."

"Na nauli?"

Akacheka. "Umelipa wapi?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Niseme nilikotoka ili hili lieleweke.

Sisi ni watu wa Likoni, na baba yangu alikuwa kibarua bandarini, ng'ambo, kisiwani Mombasa. Mkondo ule haufiki hata kilomita moja kwa upana. Ukisimama upande wetu unawaona watu wa upande wa pili wakitembea. Lakini kuvuka ni feri. Baba aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akajisogeze kwenye banda la abiria, wasubiri geti lifunguliwe, kisha lile wimbi la watu likimbie kuteremka. Nauli ya mtembea kwa miguu haikuwa tatizo, maana hatozwi. Tatizo ni saa. Feri ikiharibika injini, ama ikingojea meli kubwa ipite, kule getini nyapara ameshaita majina, na ambaye hakuitika hana kazi siku hiyo. Nilimwona baba akirudi saa tatu asubuhi na chakula chake cha mchana hakijafunguliwa. Hakuwa akisema neno. Mama alikichukua kile chakula akakigawa kwetu sisi.

Halafu ikaja Aprili 29, 1994. Feri ilipinduka pale Mtongwe, jirani yetu, asubuhi watu wakienda kazini, na wakafa watu 272. Tangu siku ile mama hakukaa chini mpaka amwone baba mlangoni jioni. Feri ikichelewa nusu saa, yeye huyo barabarani.

Kwa hiyo nilipokuwa katikati ya lile handaki, mahali pa chini kabisa, na mto mzima uko juu ya kichwa changu, nilichokiona mbele yangu ni baba yangu akitembea pale na kikapu chake, hana haraka, hana geti la kungoja. Nikamuuliza yule mzee nani alichimba. Akasema, "Walichimbia watu wa bandari. Wafanyakazi."

Kesho yake nilinunua kadi ya simu nikapiga nyumbani. Baada ya shikamoo na hali za watu wote, nikamwelezea baba. Hakutaka sana habari za vigae. Aliuliza mambo yake: upana unatosha mkokoteni? Maji yanavuja? Usiku kuna mlinzi? Nikamjibu nilichoweza. Kisha nikamwambia lilichimbwa kwa ajili ya makuli, wale waliokaa upande wa kusini na kufanya kazi kwenye magati ya kaskazini, kwa sababu feri waliyokuwa wakipanda ilikuwa ghali na haitegemewi.

"Makuli?" akasema. "Nani aliwasemea?"

Sikuwa na jibu, na swali lile lilinipeleka maktaba Jumamosi yake. Hapo nikakutana na Will Crooks. Alizaliwa Poplar, jirani kabisa na magati, 1852. Baba yake alipoteza mkono kazini, na mtoto akaonja maisha ya nyumba ya maskini, ile waliyokuwa wakipelekwa wasiojiweza. Akajifunza ufundi wa mapipa, akafukuzwa kwa kusema sana juu ya hali za wafanyakazi, akawa anabahatisha vibarua bandarini. Jumapili asubuhi alihutubia watu kwenye lango la East India Docks, mpaka mahali pale pakaitwa Chuo cha Crooks. Mwaka 1892 akachaguliwa kuingia katika baraza la London, na humo akawa mwenyekiti wa kamati ya madaraja. Handaki la Greenwich alilipigania kutoka kwenye kiti kile. Kazi ilianza 1899 chini ya mhandisi Alexander Binnie, na Agosti 4, 1902 likafunguliwa. Liligharimu pauni 127,000. Mwaka uliofuata Crooks akaingia bungeni.

Naamini kabisa kwamba mhandisi hodari angepatikana popote. London ilikuwa nao wengi. Aliyekuwa adimu ni mtu ndani ya kile chumba cha kamati anayejua kibarua hupoteza nini akichelewa robo saa.

Nikampigia tena baba, nikamsomea yote haya kutoka kwenye karatasi. Akanikatiza mahali pamoja tu.

"Huyo Kruksi, amewahi yeye mwenyewe kusimama getini kungoja aitwe?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi ndiyo maana."

Yule mzee wa Bukavu nami tuliendelea kupita chini ya mto hata treni ziliporudi, yeye kwa kubana matumizi, mimi kwa kupenda. Nimewapeleka huko wageni wengi wa kutoka nyumbani, na wale wa Likoni ndio wanaonyamaza zaidi wakifika chini.

Mwanzoni mwa 2021 Mombasa wakafungua daraja linaloelea la watembea kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu upande wetu. Baba alikuwa ameshastaafu siku nyingi na hakuwa na shughuli yoyote kisiwani. Alivaa kanzu yake, akaenda na kurudi, kisha akaniletea ujumbe wa sauti: "Nimelivuka. Ni refu na jua kali. Wambie wenzio wa huko nimelivuka, na sikungoja mtu."